Kurekodi mimea pori ya matuta ya mchanga, Sabaki hadi Mambrui: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaojiandaa kwenda kwa kikundi kurekodi mimea inayoota yenyewe kwenye matuta ya mchanga kaskazini mwa Malindi, kuanzia mlango wa Mto Sabaki hadi Mambrui. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa matuta ya Shela kule Lamu na fuo nyingine za Kenya na Tanzania.

Kwa nini matuta ya hapa?

Kwa sababu bado yanajengwa. Maji ya Sabaki yanatoka mbali sana bara, yanapita Athi na Galana, na yanabeba udongo mwingi hadi baharini. Mawimbi huurudisha mchanga ufuoni, jua huukausha, upepo huusukuma juu. Ndiyo maana ghuba ya Malindi imejaa mchanga na ufuo wake umepanuka, wakati fuo nyingine nyingi za pwani zinaliwa na bahari.

Kwa mtu wa mimea faida yake ni hii: ukitembea kutoka kwenye maji kuelekea bara, unapita kwenye mchanga mpya, kisha uliotulia, kisha wa zamani uliokwisha kuota vichaka. Mita mia chache zinakuonyesha hatua zote ambazo mimea hupitia ili kuishinda ardhi inayohama. Ila usitegemee kuikuta hali hiyo hiyo mwakani. Tuta linaweza kusogea, na mmea uliokuwa mbele ukajikuta nyuma. Kwa hiyo rekodi isiyosema mahali hasa, tarehe, na umbali kutoka baharini haina kazi, hata kama jina la mmea ni sahihi.

Lazima niwe najua majina ya mimea?

Hapana. Kikundi cha watu wanne kinahitaji mmoja tu anayejua mimea kiasi. Wa pili anashika kamba na fremu, wa tatu anapiga picha, wa nne anaandika. Mwandishi ndiye mtu muhimu kuliko wote. Mchagueni mwenye mwandiko unaosomeka na asiyeona haya kusema "rudia, sijasikia". Upepo wa pwani humeza maneno.

Msizidi watu wanne kwa kundi moja. Wakiwa kumi na wawili, gawaneni makundi matatu na kila kundi lipewe mstari wake. Wengi wakikusanyika kwenye mmea mmoja wanaukanyaga, na nusu yao hawana la kufanya.

Twende msimu gani, na saa ngapi?

Baada ya mvua. Mwishoni mwa Juni na Julai, masika yakishapita, mimea midogo ya msimu bado ni mibichi na ina maua, lakini kusi huwa kali na mchanga unapiga usoni. Novemba na Desemba, vuli ikiwa imenyesha, kaskazi inaanza na hali ni tulivu zaidi. Januari hadi Machi mimea ya msimu imekauka, ila ni wakati mzuri wa kuona matunda na mbegu, na kwa baadhi ya mimea tunda ndilo linalotofautisha.

Siku ichagueni kwa mwezi wa angani. Maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na pwani hii siku hizo maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri, halafu hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Yaani mtakuwa na ufuo mpana wenye mchanga mgumu wa kutembelea asubuhi nzima. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ni kinyume: maji yanajaa asubuhi katikati ya kazi, na mnalazimika kupita juu ya matuta yenyewe. Angalieni jedwali la maji kabla ya kutangaza tarehe, kwani saa husogea kama dakika 50 kila siku.

Muwe mmeanza kazi saa 12:30 asubuhi na mmalize saa 4:30. Baada ya hapo mchanga unaunguza, kivuli hakuna, na watu waliochoka huanza kukisia badala ya kuangalia.

Tunahitaji kibali?

Kwa kutembea, kupiga picha na kuandika, jambo la kwanza ni ruhusa ya wenyeji. Sehemu za matuta zina wenyewe hata kama hakuna ua. Pitieni kwa mzee wa mtaa au chifu, na kwa kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, yaani BMU. Nendeni siku kadhaa kabla, mueleze mnakuja kufanya nini na matokeo yataonwa wapi. Kundi la watu wenye kamba za kupimia huleta hofu ya kunyang'anywa ardhi, na hofu hiyo ina misingi yake pwani.

Kukata sampuli kwa ajili ya utafiti ni jambo jingine. Linahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ni vizuri kushirikiana tangu mwanzo na hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na kuwauliza KWS, shirika la wanyamapori. Droni nayo ina masharti yake ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kama hamna vibali hivyo, fanyeni kazi ya picha tu. Picha nzuri zinatosha kwa mimea mingi ya hapa.

Nibebe nini?

Kila mtu: maji lita 3, kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika kidole, na leso ya kufunga usoni upepo ukivuma. Ndara hazifai, miiba ya mkomwe na ya mpungate hupenya.

Kila kundi: tepu ya mita 50, vijiti viwili vya kuifunga, fremu ya mita moja kwa mita moja, rula ya sentimita 15, kioo cha kukuzia mara 10, penseli mbili (kalamu ya wino hufutika kwa jasho), daftari lenye jalada gumu, simu iliyojaa chaji na pawabenki. Fremu tengenezeni wenyewe kwa paipu za plastiki za inchi nusu na elbo nne. Msizigundishe elbo: zikiwa huru mnaibomoa fremu na kuifunga kwenye begi, na pia mnaweza kufungua upande mmoja ili kuipitisha kwenye shina la kichaka. Ongezeni kipande cha kadibodi cha sentimita 10 kwa 10. Hicho ni asilimia 1 kamili ya fremu, na kitamaliza ubishi mwingi.

Simu na mchanga havipatani. Itieni kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu kila mnapomaliza kupiga picha, na lenzi ipulizwe kwanza kabla ya kupanguswa, la sivyo chembe za mchanga zitaikwaruza.

Tunapimaje? Si tutembee tu tukiandika tunachokiona?

Kutembea na kuorodhesha kunafaa kwa siku ya kwanza. Lakini orodha haitakuambia kitu kimehama au kimepungua. Kwa hilo unahitaji mstari.

Anzieni kwenye takataka za mwisho za maji kujaa, pale palipolala majani ya baharini yaliyokauka. Hapo ndipo mita sifuri. Vuteni tepu kuelekea bara, pembe mraba na ufuo, bila kupinda ili kufuata sehemu nzuri. Kila mita 5 wekeni fremu upande ule ule wa tepu, tuseme kulia. Kosa la kawaida ni kusogeza fremu kidogo ili iguse mmea wenye maua. Msifanye hivyo. Fremu tupu ni matokeo: andikeni "mchanga mtupu 100" na msonge mbele. Mara nyingi fremu za kwanza ni tupu, na umbali hadi kwenye mmea wa kwanza ni moja ya namba zenye thamani kubwa mtakazorudi nazo.

Ndani ya fremu msihesabu mimea, kadirieni eneo lililofunikwa. Hapa ndipo matuta yanapowadanganya wageni. *Scaevola plumieri* huzikwa na mchanga na kuendelea kuchomoza. Mnaloliona kama vichaka ishirini ni ncha za matawi ya mmea mmoja uliozama. *Cyperus crassipes* huchipua kwa mstari ulionyooka kana kwamba imepandwa, kumbe machipukizi yote yanatoka kwenye shina moja linalotambaa chini ya mchanga. Ukihesabu, unapata namba isiyo na maana.

Tumieni madaraja haya: chini ya 1, 1–5, 5–25, 25–50, 50–75, 75–100. Watu wawili wakadirie kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana kwa zaidi ya daraja moja, waangalie tena. Jumla inaweza kuzidi 100 kwa kuwa mmea mmoja unaweza kulala juu ya mwingine. Msirekebishe namba ili zikae vizuri.

Mwisho, kwa kila fremu andikeni ipo wapi kwenye tuta: upande wa bahari, kileleni, upande wa bara au bondeni. Bonde huwa karibu na maji ya chini ya ardhi na lina mimea yake. Pia andikeni alama za nyayo na samadi, kwa sababu mbuzi na ng'ombe hueleza mengi kuhusu kilichobaki.

Picha ngapi kwa mmea mmoja?

Saba, na kwa mpangilio ule ule kila mara ili usisahau: mmea mzima na mazingira yake, jinsi majani yalivyopangwa kwenye shina, jani juu, jani chini, ua kutoka mbele na ubavuni, tunda au mbegu. Kama kuna utomvu, piga picha ya tone. Weka rula kwenye angalau picha moja.

Mchanga mweupe huidanganya kamera, ua jeupe au la waridi likatoka limeungua. Simama mmea uwe ndani ya kivuli chako, kisha gusa ua kwenye kioo cha simu ili ipime mwanga hapo. Upepo ukiwa mkali shika shina kwa mkono mmoja chini ya ua. Na wahini mapema maua ya mlakasa, mmea unaotambaa mbele ya tuta: hufunguka asubuhi na kunywea jua likiwa kali.

Rekodi yetu imetokea Hispania. Kulikoni?

Mmebadilishana namba. Latitudo ya Mambrui ni kama -3.1 na longitudo ni 40.1 na ushei. Zikigeuzwa, rekodi inaangukia Hispania, si mbali na Madrid. Kosa jingine ni kuacha alama ya kutoa. Bila hiyo mmea wenu wa ufuoni unaota katika nyika za kaskazini-mashariki ya Kenya, karibu kilomita 700 kutoka ulipo. Tumieni digrii za desimali, tarakimu tano baada ya nukta, na mfumo wa WGS84 ambao simu nyingi tayari zinautumia. Subirini usahihi ushuke hadi mita 5 au chini ya hapo kabla ya kuandika; kwenye uwanda usio na miti hauchukui muda.

Kuna tatizo la tatu ambalo huharibu kazi ya siku nzima: kukusanya picha za kundi kupitia WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kuvuliwa taarifa za mahali na saa ilipopigwa. Hamisheni kwa waya, au zitumeni kama faili.

Mimea gani huchanganywa zaidi?

Inayotambaa mbele ya tuta. Mlakasa (*Ipomoea pes-caprae*) na *Canavalia rosea* hutambaa mahali pamoja, na maua yao yote mawili yana rangi ya waridi-zambarau, kwa hiyo kwa mbali ni mmea mmoja. Acha maua, angalia jani. Jani la mlakasa ni moja, limegawanyika nchani kama alama ya kwato, na kikonyo chake kikivunjika hutoa utomvu mweupe. *Canavalia* ina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, ua la jamii ya kunde, na ganda nene. Ukiona vijani vitatu lakini ua ni la manjano, huyo ni *Vigna marina*.

*Scaevola* ziko mbili. Ua la zote mbili ni la ajabu: petali tano zimefunguka upande mmoja tu, kama kipepeo cha mkono, na nyuma pana mpasuko. Watu huandika "ua limeharibika" wakidhani limeliwa na mdudu. Hapana, ndivyo lilivyo. *Scaevola taccada* ina majani makubwa ya kijani kilichopauka na matunda meupe. *Scaevola plumieri* ina majani madogo zaidi, mazito, na matunda yanayoiva yakawa meusi. Pasipo tunda, andikeni *Scaevola* tu muache hapo.

Nyuzi za rangi ya chungwa na kijani zilizojitanda juu ya vichaka ni *Cassytha filiformis*, mmea usio na majani unaonyonya mingine. Andikeni pia umepanda juu ya mmea gani.

Nyasi zote zinafanana. Tuziruke?

Msiziruke hata kidogo, ndizo zinazolishika tuta. Kwanza hakikisheni ni nyasi kweli: zungusha shina kati ya vidole. Likiwa na pembe tatu, huyo ni wa jamii ya ndago, kama *Cyperus crassipes*. Likiwa la mviringo na lina vifundo, ni nyasi. *Halopyrum mucronatum* ni ndefu, ngumu, inajikusanya mashungi makubwa na mchanga unarundikana kwenye shungi. *Sporobolus virginicus* ni fupi, majani yake yamejipanga pande mbili na ncha zake zinachoma kiganja. Pigeni picha ya suke kwa karibu, na ya pale jani linapokutana na shina. Bila picha hizo mbili hakuna atakayewasaidia.

Mvinje, mwarobaini na mathenge zihesabiwe?

Ndiyo, lakini mseme kama umepandwa au umeota wenyewe. Mivinje iliyo kwenye safu imepandwa; mche ulio peke yake bondeni huenda umejiotea, na hiyo ndiyo habari. Mathenge (*Prosopis juliflora*), mpungate na mwarobaini vikionekana kwenye mchanga wa zamani, chukueni mahali pa kila mmoja na urefu wake. Msing'oe chochote siku hiyo. Kurekodi na kung'oa ni kazi mbili tofauti.

Tuna leseni ya kuchukua sampuli. Kwa nini zinaoza?

Kwa sababu mimea ya matuta imejaa maji na hewa ya pwani haikaushi. Majani ya *Scaevola* na ya *Sesuvium* hubaki hai ndani ya karatasi kwa siku nyingi, kisha hudondoka au kuota ukungu. Yachovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, yafute, ndipo uyabane. Badilisha magazeti baada ya saa 24 za kwanza bila kukosa, kisha kila siku hadi yakauke. Kibanio kikaze kwa mikanda miwili. Kikilegea majani hujikunja. Usiache sampuli kwenye mfuko wa plastiki juani hata kwa nusu saa, zitapikika.

Tawi liwe na ua au tunda, na litoshe kwenye karatasi ya hebaria ya kama sentimita 42 kwa 28. Kwenye lebo andika yale yatakayopotea likikauka: rangi ya ua, harufu, utomvu, urefu wa mmea mzima. Kila sampuli ipate namba yake, na namba isitumike mara mbili kamwe hata kama sampuli ya kwanza ilitupwa.

Wazee wa kijiji wanajua majina na dawa. Tuyaandike?

Majina, ndiyo, kwa ruhusa yao, na muandike ni lugha gani: Kiswahili, Kigiriama, Kibajuni. Jina moja hubeba mimea miwili kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo liambatane na picha. Matumizi ya dawa ni mali ya anayeyajua. Msiyachapishe mtandaoni bila yeye kukubali waziwazi, akiwa ameelewa kwamba dunia nzima itayasoma.

Kuna hatari gani?

Mlango wa Sabaki una viboko, na mtoni kuna mamba. Msivuke mlango kwa miguu hata maji yakionekana mafupi. Pitieni daraja la barabara ya Malindi–Garsen, mje ufuoni kutoka upande wa kaskazini. Alfajiri viboko huwa wanarudi majini kutoka malishoni, kwa hiyo mstari wa karibu na mto uwe wa mwisho.

Utomvu mweupe wa *Calotropis procera*, yenye majani mapana ya kijivu, huumiza macho vibaya. Ukikugusa, nawa mikono kabla ya kupangusa jasho. Ukiingia machoni, suuza kwa maji mengi safi kwa dakika 15 na zaidi, kisha nenda hospitali. Kuhusu jua: anayeumwa kichwa na ameacha kutokwa jasho asiambiwe avumilie. Kivuli, maji, na kazi isimame.

Sisi wenyewe hatuharibu?

Mnaweza. Mashina yanayotambaa mbele ya tuta yakikatika, upepo hupata mlango na kuchimba shimo ambalo hupanuka. Pandeni kwa njia iliyokwisha kukanyagwa, mmoja nyuma ya mwingine, na mteremke kwa hiyo hiyo. Msiteleze kwenye uso wa tuta unaotazama bahari. Kasa hutaga juu ya alama ya maji kujaa. Mkiona nyayo zake pana au mchanga uliofukuliwa, zungukeni mbali, msichomeke kijiti. Na mlangoni mwa mto, makundi ya ndege wahamiaji, akiwemo *Glareola ocularis* kutoka Madagaska, yakianza kuinua vichwa mmeshakaribia kupita kiasi.

Watoto waje?

Kuanzia miaka 10, mtu mzima mmoja kwa watoto watatu. Wape rula na fremu. Wana macho makali kuliko wakubwa.

Tukirudi, tufanye nini na mimea tuliyoshindwa kuitambua?

Siku hiyo hiyo jioni, kabla ya kulala, mwandishi na mpiga picha wakae pamoja walinganishe namba za picha na za daftari. Kesho yake hakuna atakayekumbuka picha ya 214 ilikuwa fremu ya ngapi. Kisha pigeni picha kila ukurasa wa daftari.

Mmea usiojulikana upewe jina la familia au jenasi, lile tu mnaloweza kulitetea, na uingizwe hivyo. Kwenye iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, weka picha zote saba katika rekodi moja, si rekodi saba, na uweke alama ya kupandwa pale inapostahili. Usikubali jina ambalo programu imependekeza kwa sababu tu limetokea juu. Mara nyingi huleta mmea wa mabara mengine wenye picha nyingi. Linganisha na *Flora of Tropical East Africa*, iliyokamilika mwaka 2012, ambayo kwa kila mmea hutaja mahali ulipokusanywa. Kama mmea haujawahi kutajwa pwani ya Kenya, tuma picha na nakala ya ukurasa wa daftari kwa hebaria Nairobi, ukitaja mstari, fremu na mita, ili mtu aweze kurudi kuutafuta kabla ya mchanga kuufunika.